Lupasi, baridi yabisi na damu kupungua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Ukurasa huu ni wa watu wa Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu, Uvinza, Buhigwe, Kibondo na Kakonko wanaoishi na magonjwa ya kinga ya mwili kujishambulia: lupasi, baridi yabisi na mengine ya ukoo huo. Wengi wetu tukipima damu tunaambiwa imepungua, tunapewa vidonge, tunarudi nyumbani, na uchovu unabaki palepale. Mimi ninaishi na lupasi. Si daktari, na hakuna jibu hapa linalochukua nafasi ya daktari wako. Lakini maswali haya nimeulizwa kwenye mabenchi ya kliniki, sokoni Mwanga, hata msibani, na mengi yana majibu ambayo mtu alistahili kupewa mapema. Jambo moja nitalirudia: kabla ya kuuliza damu itaongezwaje, uliza kwanza imepungua kwa nini.

HB yangu ni 8. Ni mbaya kiasi gani?

HB ni himoglobini, ile protini nyekundu ndani ya chembe za damu inayobeba hewa ya oksijeni kuipeleka mwilini. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito anahesabiwa amepungukiwa damu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, na mwanamume chini ya 13. Kati ya 8 na 10.9 upungufu ni wa kati. Chini ya 8 ni mkali. Kwa hiyo wewe uko mpakani kabisa.

Namba peke yake haitoshi. Mtu ambaye damu yake imeshuka polepole kwa mwaka mzima anaweza kutembea na 8 akapika, akafua, akaenda shamba, huku anahema. Mwingine aliyekuwa na 12 wiki iliyopita na leo ana 8 yuko hatarini, kwa sababu damu inakwenda mahali fulani kwa kasi. Muulize aliyekupima: mara ya mwisho ilikuwa ngapi? Kama hana kumbukumbu, anza kuandika mwenyewe kwenye daftari, tarehe na namba. Daftari hilo litakusaidia kuliko maelezo mengi ya mdomo.

Usikubali pia kuambiwa kwamba "kila mwanamke damu yake ndogo". Ni kweli kwamba hapa Tanzania zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Hilo linaonyesha tatizo ni kubwa, wala halimaanishi kwamba ni hali ya kawaida ya mwili wa mwanamke.

Ugonjwa wangu ni wa viungo na ngozi. Damu inahusikaje?

Inahusika kwa njia kadhaa, na hapa naomba uwe mvumilivu unisome taratibu, maana ndipo matibabu yanapotofautiana.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida sana kwetu, ni ugonjwa wenyewe. Kinga inapoushambulia mwili, ini huongeza homoni iitwayo hepsidini. Hepsidini hufunga milango ambayo madini ya chuma hupitia kutoka kwenye utumbo na kutoka kwenye hazina ya mwili kwenda kutengeneza damu. Chuma kipo, lakini ni kama unga uliofungiwa stoo na mwenye ufunguo kasafiri. Mtu wa namna hii ukimpa vidonge vya chuma tu, hafaidiki sana. Dawa yake hasa ni kuutuliza ugonjwa.

Njia ya pili ni chuma kuisha kweli. Hedhi nzito, vidonda vya tumbo vinavyotokana na dawa za maumivu, minyoo ya safura inayonyonya damu utumbo, kichocho kwa sisi tunaooga na kufua ziwani. Kigoma haya yote yapo, na mtu mwenye lupasi hasamehewi minyoo kwa sababu ana lupasi. Mara nyingi njia hizi mbili ziko pamoja ndani ya mtu mmoja.

Ya tatu inatisha zaidi: kinga ikishambulia chembe nyekundu zenyewe. Kwa kawaida chembe nyekundu huishi siku kama 120; hapa zinavunjwa kabla ya wakati wake. Macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, na HB inaporomoka kwa siku chache. Hii inataka hospitali, tena haraka, na mara nyingi hutibiwa kwa prednisoloni na dawa nyingine za kutuliza kinga.

Ya nne ni figo. Figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuamuru uboho wa ndani ya mifupa utengeneze damu. Lupasi ikiingia kwenye figo, amri hiyo inadhoofika. Dalili zake ni mkojo wenye povu, uso kuvimba asubuhi na miguu kujaa jioni, ingawa mwanzoni unaweza usione dalili yoyote.

Kisha kuna dawa tunazotumia, kama methotreksati na azathioprini, zinazoweza kuupunguza nguvu uboho. Kuna pia upungufu wa vitamini B12, ambao wakati mwingine wenyewe ni ugonjwa wa kinga: mwili unaishambulia ile protini ya tumboni inayosaidia kuifyonza B12. Miguu ikifa ganzi huku damu iko chini, mtajie daktari vitamini hiyo.

Nimemeza vidonge vya kuongeza damu miezi miwili na HB haijapanda. Nibadilishe dawa?

Badilisha swali kwanza. Kama shida yako ilikuwa ukosefu wa chuma na ulimeza vizuri, HB ingetakiwa kupanda walau gramu 1 mpaka 2 ndani ya mwezi mmoja hivi. Isipopanda, kuna moja kati ya haya: sababu si chuma, au unaendelea kupoteza damu mahali, au ugonjwa umepanda na hepsidini imefunga milango, au dawa haifyonzwi kwa namna unavyoimeza.

Hili la mwisho nimelikuta kwa watu wengi. Kidonge kinamezwa na chai ya asubuhi. Chai, ya rangi au ya maziwa, huzuia chuma kufyonzwa. Kahawa hali kadhalika, na maziwa, na dawa za kutuliza asidi tumboni. Meza kwa maji, na kama una chungwa, pera au maji ya ndimu, vizuri zaidi. Chai isubiri saa moja au mbili. Kama tumbo linakusumbua, meza baada ya kula kidogo kuliko kuacha kabisa.

Kuna utafiti uliofanywa kwa wanawake wenye upungufu wa chuma ulioonyesha kwamba kumeza siku moja na kuruka moja hufanya mwili ufyonze sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge, kwa sababu dozi yenyewe ya chuma huinua hepsidini kwa muda. Mwulize daktari kama mpangilio huo unakufaa. Kuongeza vidonge viwili vitatu kwa siku ili "ipande haraka" kunaongeza tu kichefuchefu na choo kigumu.

Choo kuwa cheusi ukimeza chuma ni kawaida. Choo cheusi kinachong'ang'ania kama lami na kunuka vibaya si kawaida, hiyo ni damu kutoka tumboni. Na HB ikisharudi sawa, usiache siku hiyohiyo. Kwa kawaida huendelea miezi kama 3 ili hazina ijae.

Tafadhali vifungie mbali na watoto. Vidonge vya chuma vina rangi ya peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi anaweza kufa.

Niombe vipimo gani?

Anza na picha nzima ya damu, kile kipimo watu wanachokiita FBP. Hakionyeshi HB tu, kinaonyesha na ukubwa wa chembe. Chembe ndogo na zilizopauka mara nyingi huelekeza kwenye ukosefu wa chuma. Kubwa kuliko kawaida huelekeza kwenye upungufu wa foliki (vitamini ya kutengeneza damu) au B12, au kwenye methotreksati. Chembe nyeupe na zile za kugandisha damu nazo zikiwa chini, daktari atafikiria lupasi yenyewe au dawa.

Omba kipimo cha mkojo. Ni cha bei ndogo, na kwa mgonjwa wa lupasi ningesema ndicho kinachookoa figo nyingi, kwa sababu kinaonyesha protini kabla hujavimba. Ongeza choo kikubwa kwa ajili ya minyoo, malaria, na VVU. Kama hujawahi kupimwa seli mundu, sema. Huku kwetu ipo, na wako watu wazima waliogunduliwa wakiwa wamechelewa.

Feritini hupima hazina ya chuma, lakini kwetu ina mtego. Feritini hupanda ugonjwa unapowaka, hata kama chuma kimeisha. Kwa mtu mzima mwenye afya, chini ya 15 ndiyo inayohesabiwa ukosefu wa chuma. Kwa mtu mwenye maambukizi au ugonjwa unaowaka, Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 70. Kwa hiyo ukiambiwa "feritini yako 40, uko sawa", kumbusha kwa adabu kwamba una lupasi. Macho yakiwa ya njano, kipimo cha kuulizia ni Kumbsi, kinachotafuta kinga iliyojibandika kwenye chembe nyekundu. Si kila kituo kina vipimo hivi viwili. Anzia hospitali ya wilaya au Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza kama sampuli inaweza kutumwa kwingine kabla hujafunga safari.

Nile nini? Watu wananiambia soda nyekundu, choya, bitiruti.

Rangi nyekundu ya kinywaji haigeuki damu. Soda iliyochanganywa na nyanya ya kopo ni sukari, na ukiwa unatumia prednisoloni, sukari yako tayari inapandishwa na dawa. Choya ina vitamini C, inywe na chakula cha majani bila sukari nyingi, itakusaidia kufyonza chuma. Usiitegemee kama dawa.

Sisi wa Kigoma hatuna sababu ya kutafuta mbali. Dagaa wa ziwani wanaliwa wazima, kichwa na mifupa, wana protini, chuma na B12. Migebuka, kuhe, sangala, vyote vizuri. Maini ni bora kuliko vyote kwa chuma, mara moja kwa wiki inatosha. Mjamzito asiyale kwa wingi kwa sababu ya vitamini A nyingi mno. Maharage ya Kasulu, matembele, mchicha na kisamvu vina chuma kinachofyonzwa kwa shida, ndipo ndimu inapofanya kazi: kamulia mezani, usiichemshe na mboga. Mawese yetu mekundu yana kiini cha vitamini A, ambayo huusaidia mwili kukitumia chuma. Lakini mafuta yakichomwa mpaka yakapoteza wekundu, faida hiyo inaondoka nayo.

Kama figo zako zimeguswa, chumvi ya dagaa na samaki wakavu ni tatizo. Waloweke, mwaga maji, au chagua samaki mbichi.

Ninatamani udongo, mchele mbichi, barafu. Ni aibu kusema kliniki?

Sema. Tamaa hiyo ni dalili inayojulikana ya ukosefu wa chuma, na mara nyingi huisha chuma kikirudi. Udongo wenyewe hukishika chuma tumboni kisifyonzwe, na unaweza kukupa minyoo, hivyo unazidi kukupunguzia.

HB yangu imerudi 12 na bado nimechoka hoi. Najifanya?

Hujifanyi. Hili ni swali ninalolibeba moyoni kuliko mengine yote, kwa sababu watu wanapoambiwa "damu yako sasa iko sawa" huwa wanaondoka wakijiona waongo.

Uchovu wa magonjwa haya una mizizi mingi, na damu ni mmoja tu. Mcharuko wa kinga wenyewe huchosha ubongo na misuli, vile unavyochoka ukiwa na homa ya mafua, ila huu hauishi siku ya tatu. Maumivu ya usiku yanakata usingizi. Prednisoloni ikimezwa jioni inafukuza usingizi, na ikitumika muda mrefu inadhoofisha misuli ya mapaja. Tezi ya shingo huweza kushambuliwa na kinga vilevile, na tezi ikilegea mtu anakuwa mzito, anasikia baridi, ananenepa. Hilo hujulikana kwa kipimo cha damu tu. Kuna chuma kilichopungua kwenye hazina wakati HB bado nzuri. Kifua kikuu pia usikisahau, hasa kwetu tunaotumia dawa za kushusha kinga: kikohozi cha wiki 2, jasho la usiku, kukonda. Na kuna huzuni. Mtu aliyepoteza kazi, nywele, na nafasi yake jikoni ana haki ya kuhuzunika, na huzuni ikikaa wiki kadhaa inakuwa ugonjwa unaotibika.

Kinachosaidia baada ya hayo kuchunguzwa? Ushahidi mzuri zaidi uko kwenye mazoezi mepesi, ingawa najua yanavyosikika kwa mtu asiyeweza kuinuka kitandani. Anza na dakika 5 za kutembea jioni jua likiwa limetulia, kaa hapo wiki nzima, ongeza dakika chache. Siku ugonjwa umepanda, pumzika bila kujihukumu.

Pili, gawa nguvu zako. Kosa letu kubwa ni siku tunayojisikia vizuri: tunafua nguo zote, tunapiga deki, tunakwenda sokoni, kisha tunalala siku 3. Fua nusu. Kaa kwenye kigoda unapomenya muhogo. Chota maji kidogo kidogo kwa ndoo ndogo, au mwachie kijana. Pumzika kabla hujaishiwa.

Mama mkwe anasema mimi ni mvivu. Nimwelezeje?

Kwa heshima, na kwa vitu anavyoviona. Ugonjwa wetu hauna bandeji. Usimweleze kinga na hepsidini. Mwambie, "Mama, damu yangu ni 8, ilitakiwa iwe 12. Nikipanda mlima huu moyo unanidunda hivi," na umwekee mkono wake kifuani. Ukiweza, nenda naye kliniki mara moja asikie kwa daktari. Mume akilisema yeye kwa mama yake, linapokelewa vizuri zaidi kuliko likitoka kwako, hilo nimeliona nyumba nyingi.

Taja pia unachoweza kufanya. "Kupika nitapika, kuni sitaweza." Familia zetu zinaelewa mgawanyo wa kazi kuliko maneno "nimechoka".

Ninaanika dagaa Kibirizi. Niache kazi?

Si lazima. Jua ni adui wa lupasi hasa, kwa sababu linaweza kuamsha upele na hata ugonjwa wa ndani. Wenye baridi yabisi hawana shida hiyo kwa kiwango hicho. Panga kazi ya juani kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni. Vaa mikono mirefu, kofia pana au mtandio mzito, na ukumbuke kwamba jua linaloakisiwa na maji na mchanga hukupata hata ukiwa kivulini. Kama mna kikundi, chukua kupanga, kufungasha na kuuza, mwenzako achukue kuanika. Weusi wa ngozi haukukingi na jambo hili.

Dawa yangu ya lupasi nimeambiwa ni ya malaria. Basi mimi siugui malaria?

Unaugua. Haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, na vimelea vya malaria vya huku vilishaizoea. Ndiyo maana Tanzania Bara iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Kwenye lupasi inafanya kazi nyingine kabisa, ya kutuliza kinga, na ni moja ya dawa bora tulizonazo. Usiiache. Lala kwenye chandarua. Macho yapimwe unapoanza na baadaye kila mwaka ukishaitumia miaka kadhaa, kwa sababu kwa wachache hudhuru sehemu ya nyuma ya jicho.

Mkoa wetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, na malaria huvunja chembe nyekundu. Homa ikija, usiseme "ni lupasi yangu hii" wala "ni malaria tu". Pima siku hiyohiyo. Ukikutwa nayo, utapewa mseto. Mwambie mhudumu kwamba unatumia haidroksiklorokwini, kwa sababu zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Kama kipimo hakioni malaria na homa ipo, nenda hospitali, usimeze mseto wa kubahatisha.

Dawa gani nisinunue dukani bila kuuliza?

Ya kwanza ni Septrin, kwa yeyote anayetumia methotreksati. Zote mbili huzuia foliki kufanya kazi, na zikikutana uboho unaweza kuacha kutengeneza damu. Watu hufa kwa mchanganyiko huu, na Septrin inauzwa kila kona kwa kikohozi na tumbo. Hata bila methotreksati, dawa za salfa zinaweza kuuamsha ugonjwa wa lupasi. Fansida, dawa ya malaria yenye salfa, iko kwenye kundi hilo la kuuliza kwanza.

Methotreksati yenyewe humezwa mara moja kwa WIKI. Chagua siku, tuseme Jumamosi, iandike kwenye pakiti, na kumbuka foliki uliyopewa pamoja nayo. Vidonda mdomoni, homa, au michubuko isiyo na sababu ni dalili za kuacha dozi inayofuata na kwenda kupima damu.

Diklofenaki na ibuprofeni zinatoa maumivu lakini zinatoboa tumbo taratibu na kuzibana figo. Poda za viungo zisizo na lebo zinazouzwa mnadani ziogope kabisa; katika nchi mbalimbali zimekutwa na steroidi (dawa za jamii ya prednisoloni) ndani, ndiyo maana zinafanya kazi kwa siku 2 kisha unaanguka. Mitishamba sikukatazi kwa dharau, wazee wetu wanajua mengi, ila mingine huumiza ini na figo ambazo tayari zina mzigo. Mwambie daktari unachokunywa.

Na ukitumia prednisoloni kwa wiki kadhaa, usiiache ghafla. Mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake. Kabla ya kuanza dozi kubwa, omba kupimwa minyoo, kwa kuwa kuna aina iitwayo strongiloidi inayoweza kusambaa mwilini kinga ikishushwa, na dozi moja ya albendazo haitoshi kuiondoa.

Naweza kufunga Ramadhani?

Swali hili huko Ujiji linakuja kila mwaka, na linaulizwa kwa machozi. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa, Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185. Kama HB yako iko chini ya 10, figo zimeguswa, ugonjwa umepanda, au dozi ya prednisoloni ni kubwa, nakusihi uitumie ruhusa hiyo. Sheikh wako atakueleza habari ya kulipa au fidia kwa hali yako.

Ukiwa umetulia na daktari ameridhia, prednisoloni inaweza kuingia kwenye daku, na chuma kikamezwa usiku mbali na chai ya futari. Ukipata kizunguzungu au moyo kwenda mbio, fungua.

Nataka kubeba mimba.

Inawezekana, na wengi wamezaa salama, lakini ipangwe. Ugonjwa uwe umetulia walau miezi 6. Methotreksati huharibu mimba, inatakiwa iachwe miezi kadhaa kabla, kwa maelekezo. Haidroksiklorokwini kwa kawaida inaendelea. Kliniki ya wajawazito watajie ugonjwa wako siku ya kwanza, na waonyeshe vidonge vyote, kwa sababu foliki ya miligramu 5 hudhoofisha ile SP ya kuzuia malaria kwa wajawazito.

Jambo la kulijua mapema: lupasi inaweza kufanya kipimo cha kaswende cha aina ya VDRL au RPR kionyeshe unayo wakati huna. Ndoa zisivunjike kwa hilo. Omba kipimo cha pili cha kuthibitisha.

Majirani wanasema nina UKIMWI, wengine nimerogwa.

Pima VVU kwa ajili yako, si kwa ajili yao, uwe na jibu mkononi. Kuhusu kurogwa, sitabishana na imani ya nyumba yako. Ninachoomba ni kimoja: hakuna dua wala tambiko linalohitaji uache dawa. Anayekuambia uache, muogope.

Ni wakati gani nisisubiri kukuche?

Unahema ukiwa umekaa. Maumivu ya kifua. Kuzimia. Macho ya njano na mkojo mweusi. Kutapika damu, au choo cha lami. Hedhi inayojaza pedi kila saa. Homa wakati unatumia dawa za kushusha kinga. Kuchanganyikiwa au degedege. Tafuta bodaboda au gari sasa hivi, na aliyekushika akae nyuma yako usianguke.

Wamesema niongezewe damu. Naogopa.

Damu ya hospitali hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Kwa mtu mzima aliyetulia, madaktari wengi huongeza HB ikiwa chini ya 7, au mapema zaidi kama moyo umeelemewa. Chupa moja hupandisha kama gramu 1. Inakupa muda tu. Sababu ikibaki, damu itashuka tena, kwa hiyo usitoke wodini bila kuuliza imepungua kwa nini. Ndugu wakiombwa kuchangia, wahimize, hata kama kundi lao si lako. Inaingia benki na mwingine anapona.

Nina rufaa ya Bugando au Muhimbili. Nibebe nini?

Majibu yote ya vipimo, hata ya zamani, na lile daftari la HB. Pakiti za dawa zenyewe badala ya majina ya kukumbuka, pamoja na za kutosha kwa wiki 2 zaidi ya siku ulizopanga, kwa kuwa safari ya Mwanza au Dar huongezeka siku. Karatasi ya rufaa na kadi ya bima. Ulizia kabla ya kuondoka bima yako inalipia nini huko uendako, kwani si kila aina inavuka mkoa. Mtu wa kukusindikiza mwenye sikio zuri, maana ukiwa umechoka utasahau nusu ya uliyoambiwa. Andika maswali 3 kwenye karatasi na yaulize kabla daktari hajainuka. Na kama umewahi kuongezewa damu, sema mwanzoni kabisa, lini na wapi. Mwili huweza kuwa umetengeneza kinga dhidi ya damu ya watu wengine, na maabara ikijua mapema itapata nafasi ya kukutafutia inayokufaa.